Upinde wa Magurudumu na Ngozi ya Baba Mkwe

Shikamoo Bi Sauda, nakuandikia nikiwa bingwa, usidhani ni mtu wa kulialia, lakini nyumba yangu inataka kuvunjika, naomba unielekeze. Mimi ni sungusungu, mlinzi wa kijiji, hapa Nemba, na mzungu mmoja aliyekuwa akichimba visima vya kambi za wakimbizi huko Ngara, aliporudi kwao mwaka huu wa 1996, aliniachia pinde mbili za kiwandani, zile zenye magurudumu kwenye ncha, ukivuta mpaka mwisho uzito unapungua, unalenga huku unapumua, mmoja una nembo ya mwewe na kishikio kinene cha mpira kinachoteleza kwa jasho, wa pili una nembo ya nyota, mwepesi na unarusha mbali zaidi, ila kishikio chake ni chuma kitupu chembamba, siku mbili tu kiganja kikatoka malengelenge.

Upinde wangu wa zamani alinichongea baba mkwe, mzee Luhende, ambaye sasa ana miaka sabini, siku aliponipa binti yake Secilia, akapima kiganja changu kwa uzi na kushona ngozi ya mbuzi kwenye kishikio, na kwao hiyo ndiyo alama kwamba umekabidhiwa mke. Mashindano na sungusungu wa Lusahunga yalipokaribia nikaibandua ile ngozi, nikauvisha upinde wa nyota, ikakaa sawasawa, na Bi Sauda, ungekuwepo! Gogo la mgomba, hatua sitini, mishale mitano, yote katikati, Lusahunga midomo wazi, nikabebwa juujuu, wanawake vigelegele, watu wakauliza siri, nikasema ni mashine ya Ulaya. Baba mkwe alikuwepo, akaitambua ngozi yake. Nikamwamkia, hakuitika, akasema, "Ngozi niliyokupa pamoja na mwanangu umeibandua. Haya, Pasaka ikipita nakuja kumchukua mwanangu." Secilia analia, nami sijui nirudie upinde wa mzee nishindwe, au nishike wa nyota nilale peke yangu.

Anastazi, Nemba

Marahaba mwanangu, na hongera, mishale mitano si mchezo. Lakini akili ya kichwani uliiacha wapi? Umejaribu pinde mbili za kiwandani, mmoja ukateleza, mwingine ukakuumiza, ukachukua kazi ya mzee ndipo ukashinda, kisha mbele ya kijiji kizima ukaisifu Ulaya! Mzee hakuudhiwa na ngozi peke yake. Alisimama pale akisubiri jina lake, hukulitaja. Hata mimi nisingeitika.

Secilia asifunge mzigo. Ngozi ibandue leo, uishone kwa mkono wako palepale ilipotoka, hata ikikaa upande. Usisubiri mzee aje. Nenda wewe na mkeo, na wazee wawili wa sungusungu, umpelekee upinde wa nyota ukiwa mtupu, umwombe radhi, kisha umwombe auvishe ngozi mpya kwa mkono wake mwenyewe. Mchonga pinde gani atakataa kukishika kitu kama hicho? Atanuna, atakugombeza, ataugeuzageuza, na kabla hamjamaliza chai atakuwa anauliza mbuzi yuko wapi. Mbuzi atoke kwako.

Jumapili ya Pasaka, watu wakitoka kanisani, simama useme kwa sauti ni kazi ya nani iliyokupa ushindi. Na Lusahunga wapelekewe habari kwamba aliyewashinda ni mzee wa miaka sabini, tena akiwa mtazamaji.