Mawe ya Baba Hayashiki Moto

Kupitia kwa Mwalimu Sifael,
Misheni ya Ilboru,
Arusha.
9 Agosti 1952

Mpendwa mdogo wangu Eliamini,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya huko Songea? Chakula mnapata cha kutosha? Sisi huku tu wazima wa mwili, na nikisema zaidi ya hapo nitakuwa mwongo. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya moshi. Yule ng'ombe mwenye baka jeupe amezaa dume.

Sasa nikueleze ya nyumbani, maana sina mwingine wa kumweleza.

Unakumbuka mwaka jana ulitutumia kipande cha makaa ya mawe, ukaandika kwamba Wazungu unaowafanyia kazi wanayapima ya huko, na kwamba Afrika Kusini wanajenga kiwanda cha kuyageuza petroli. Ulieleza vizuri: huchomwa kwa mvuke mpaka yawe hewa, hewa ikageuzwa mafuta, na humo humo hutoka rangi na mbolea. Nilimsomea Baba mara tatu kama alivyotaka. Kisha akakitia kipande chako motoni, kikawaka na kunuka mpaka mbuzi wakakimbilia nje. Tulicheka sana siku ile.

Baba hakucheka. Alisema mawe meusi hata sisi tunayo, chini ya kahawa. Mlima huu ulitema moto zamani, na yeye akiwa kijana aliona moshi kule juu kwa macho yake. Moto huo umekwenda wapi kama haumo ndani ya mawe? Kesho yake akachukua jembe.

Ameng'oa kahawa, Eliamini. Kwanza safu ya kando ya mfereji, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mwaka huu kahawa ina bei kuliko miaka yote, majirani wanaezeka mabati, sisi tuna shimo. Kila jioni huleta jiwe, huliweka jikoni, hukaa akilitazama. Jiwe hupasuka, haliwaki. Nilimpeleka kwa Jamaludin, yule fundi magari wa Kaloleni, naye akalitia kwenye tanuru lake akapuliza moto mpaka akalowa jasho. Akamwambia kwa heshima, "Mzee, hili ni jiwe tu, jengea nyumba." Baba akajibu kwamba tanuru lile ni dogo, kiwanda ni kiwanda.

Mama amesema mpaka amenyamaza. Wazee wa rika la Baba walikuja na pombe ya asali kumsihi. Aliinywa pamoja nao, kisha akawapeleka kuona shimo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Lakini linaloniuma ni hili. Barua yako ya Mei ilisema kazi imefungwa, makaa ya huko yako mbali na reli na hakuna atakayejenga kiwanda. Ukaandika pia kwamba mawe ya mlima wetu si makaa, Baba asichimbe. Siku ile alikaa mbele yangu, mikono yote malengelenge, akasema, "Haya, soma." Nilipofika hapo nilishindwa. Nikasoma kwamba Wazungu bado wanapima, tuvumilie. Alifurahi, akanitemea mate ya baraka kichwani. Wiki ile ile aling'oa safu ya mwisho.

Kwa hiyo safu ile niliing'oa mimi, kwa mdomo wangu. Miche mipya huchukua miaka minne kuzaa, na nikimtazama Baba sidhani kama anayo.

Ameniagiza nikutumie jiwe moja ulipeleke likapimwe. Nimelifunga kwenye kitambaa cha Mama. Usihangaike nalo.

Mama anakusalimu sana. Mdogo wetu Namnyaki naye anakusalimu, amekua, ananifikia begani. Shangazi Nashilu anauliza utarudi lini. Mungu akulinde huko ugenini, akupe kazi nyingine ya kufanya juu ya ardhi.

Nakuomba jambo moja. Mwandikie Baba ukweli, lakini bahasha iwe na jina la Mwalimu Sifael tu, si langu, aje amsomee yeye. Usinipe mimi. Nikiiona tena mikono ile, nitamdanganya.

Mimi dada yako nikupendaye,
Anaeli