Ni Mimi Ninayemwamsha

Jumatano. Mvua ya mawe imepiga chai asubuhi yote, halafu jua likatoka kama vile hakuna kitu kimefanyika.

Wacha niandike ukweli hapa, kwa sababu nyumbani nilikuwa sijausema.

Chela ana miezi tisa na halali. Jirani anasema ni meno. Mume wangu Weldon anasema labda ni baridi ya huku Roret. Mimi huitikia tu.

Si meno. Ni mimi.

Akilala kidogo, naweka kidole chini ya pua yake nisikie pumzi. Nisipoisikia haraka, namtikisa mpaka alie. Usiku mmoja, mara sita. Mara nane.

Kabla yake nilikuwa na Kiprono. Alikuwa na miezi mitano. Nilimlaza mchana, nikaenda kufua nguo. Hakuamka.

Jana kliniki, Chela alisinzia akiwa juu ya mizani. Sista akauliza, "Mama, huyu mtoto hulala saa ngapi?" Nilitaka kudanganya, nikalia badala yake. Alifunga mlango, akanisikiza mpaka mwisho.

"Hofu yako naielewa," akasema. "Lakini usingizi anauhitaji kama maziwa. Anza na mchana, saa ile ile kila siku. Mlaze chali, usiweke mito wala blanketi nzito. Halafu utoke."

Utoke. Neno dogo hivyo.

Leo saa saba nilimwogesha, nikamnyonyesha, nikamlaza chali kwa kitanda chake. Nikatoka. Sikwenda mbali, nikaketi tu hapo mlangoni, kando ya mama mkwe aliyekuwa akichambua mboga za managu. Nikamwambia yote.

Aliweka mboga chini. Nilijua sasa atanikasirikia.

"Mama Chela," akasema polepole, "hata mimi humwamsha. Ukienda kuchuma chai, namwamsha."

Tuliangaliana. Maskini mtoto! Sisi wote wawili.

Tukangoja. Nilisimama niende kumwangalia, akanivuta chini. Baadaye yeye ndiye aliyesimama, mimi nikamvuta. Dakika arobaini. Saa nzima. Jasho lilinitoka na hali ni baridi. Nilimwona Kiprono, vile alivyokuwa, na nikaanza kuomba bila maneno.

Halafu sauti. Si kilio. Chela alikuwa anaongea na vidole vyake, "ba-ba-ba," macho yameng'aa.

Miezi tisa, na sikuwahi kujua mtoto wangu huamka namna gani akiachwa aamke mwenyewe.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso.

Sasa giza linaingia. Saa moja namlaza tena, na usiku si kama mchana, hakuna wa kukaa na mimi mlangoni mpaka asubuhi. Weldon akirudi nitamweleza. Nitamwomba anishike mkono, aushike kabisa, nisiinuke.

Na Weldon akilala kabla yangu, nitaweza kuuacha mkono wangu hapo mkononi mwake?