Bega Langu Katika Kitabu cha Wateja

Jumapili, 4 Februari
Misa, maharage, kisha ukutani. Nasimama mbele ya msumari wa kalenda, ulio usawa wa bega langu, na vidole vya mkono wa kulia vinapanda ukuta polepole. Papa Neema, mume wangu, fundi wa nguo, anapima kutoka msumari hadi ncha ya kidole kwa metre yake ya kushonea. Leo 41. Mkono wa kushoto, ule mzima, alinipima mara moja tu, siku ile ya Januari niliyorudi kutoka kupasuliwa bega: 68. Kine, yule mnyoosha viungo wa hospitali, amesema wazi. Wa kulia ukifikia wa kushoto, narudi golini. Usipofikia, hakuna handiboli. Nina miaka thelathini na saba. Msimu huu ukinipita, basi.

Mwenye nyumba hataki chaki ukutani, kwa hiyo namba zinaandikwa katika kitabu cha wateja, kati ya gauni la harusi na suruali ya mwalimu. Pembeni ya jina langu fundi ameandika: msumbufu.

Jumapili, 25 Februari
50. Maumivu ya kishenzi. Nimemtukana kine, nimeutukana mkono, nimemtukana Papa Neema ambaye hana kosa lolote. Baadaye akanisuka nywele, maana mimi siwezi. Anasuka vibaya sana. Nimekwenda sokoni hivyo hivyo.

Jumapili, 24 Machi
60! Timu imekuja kunisalimu, bado na jasho la mazoezi. Riziki ndiye anayekaa golini badala yangu. Mechi ya kwanza ni tarehe 12 Mei, na wanawake wa Uvira. Wamekula visamaki vyote vya sambaza, wamepiga kelele, wameondoka. Nawapenda mno.

Jumapili, 14 Aprili
63. Jumapili iliyopita 63. Ile ya kabla yake 63. Kwenye kioo naiona mikono yote miwili sawa, lakini kitabu kinasema bado tano. Nimemwambia Papa Neema. Akajibu kwa madaha:
"Macho inadanganyaka, Mama Neema. Metre, hapana."
Fundi wa miaka ishirini kazini. Mimi ni nani nibishane? Nimelia jikoni, nikasingizia moshi.

Alhamisi, 18 Aprili
Nimempelekea Riziki jezi namba moja. Nimeifua, nimeipiga pasi. Amekataa kuishika, nimeiacha kwenye kiti. Nimepanda kilima kurudi nyumbani kwa miguu. Sina hasira. Huzuni tu. Papa Neema hajashona chochote leo.

Jumamosi, 20 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Nilikuwa nafungua chandarua nikifue. Kimefungwa kwa metre ya zamani ya Papa Neema, ile aliyoiacha mwisho wa Januari aliponunua mpya. Nikatazama ncha yake. Imekatika. Haianzi na moja, inaanzia tano.

Nikakaa kitandani. Mkono wa kushoto ulipimwa kwa hii. Wa kulia, Jumapili zote, kwa ile mpya.

Nikamwita. Akaitazama ncha ile, akanisimamisha ukutani na metre mpya. Kushoto: 63. Kulia: 63. Akakaa sakafuni, fundi mzima.
"Ku nguo ya watu natoaka tano, mukono yenyewe inajua," alisema. "Ile siku sikutoa. Ulikuwa unalia, Mama Neema. Miye nilikuwa na woga, nikaandika tu vile nilisoma."

Nilitaka kumgombeza. Nikacheka mpaka bega likauma. Naye akacheka, halafu akatoka mvuani bila mwavuli, mbio kwa Riziki, kufuata jezi.

Jumatatu, 29 Aprili
Kine amenivuta, amenisukuma, amenirushia mpira. Amekubali. Dakika kumi, si zaidi. Nimemkumbatia, akashtuka.

Jumapili, 12 Mei
Dakika kumi za mwisho. Mipira mitatu imeingia. Mmoja nimeuzuia, juu kabisa, kwa mkono wa kulia. Tumeshindwa. Riziki amenibebea begi hadi mlangoni.

Papa Neema alishangilia hadi sauti ikamkauka. Sasa amesinzia kwenye kiti, metre shingoni. Kitabu cha wateja kiko wazi mezani. Jina langu amelipiga mstari, kama afanyavyo pale mteja akishachukua nguo yake.