Dada Sauda Ameacha Kuandika

Jumanne, 3 Juni

Sketi za shule tangu asubuhi. Marinda, marinda, marinda. Wazazi wote wa Nyahanga hapa Kahama wamekumbuka sare wiki hii. Mguu umekufa ganzi kwa kukanyaga cherehani. Mama Anitha, tunayeshona naye barazani, anasema nikiolewa nitapumzika. Nimemwambia nikiolewa nitashona na suruali za mume juu yake.

Mchumba wangu Doto kapiga mchana kutoka machimboni, Geita. Mtandao unakatika. Nilichoambulia: amekula, hajaumia, jana alicheza Milango ya Ardhi, mchezo wetu wa simu. Amerudi tena sehemu ya pili kuongea na Luhende. Kila wiki anarudi. Maneno yote anayajua kwa moyo, na bado anarudi.

Sehemu ya tatu inatoka mwezi ujao. Moyo haukai.

Alhamisi, 5 Juni

Dada Sauda ameacha.

Studio imetoa tangazo la mistari michache. Mwandishi mkuu wa Milango ya Ardhi hayuko nasi tena, tunamshukuru, tunamtakia heri. Nusu ya grupu la wachezaji wakadhani amekufa. Wakaanza kuandika poleni. Mwalimu Ndaki, anayetuongozea grupu, akafafanua: yu hai, ameacha kazi tu. Poleni zikakoma. Yakaanza mengine.

Nilikuwa nimeshika shati la mtoto wa watu. Nimeshona mkono wa kulia kushoto. Nimefumua. Nimeshona tena vilevile.

Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 6 Juni

Mama Anitha kaniona macho. Kauliza nani amefariki. Ikabidi nimweleze.

Ni mchezo wa simu, nikamwambia, lakini siyo wa kupigana risasi. Unaingia kwenye hadithi, unakuwa mmoja wao. Watu wa humo wanakusemesha kwa Kiswahili chetu hikihiki cha huku, wewe unachagua la kuwajibu, na hadithi inafuata ulivyojibu. Ukimdhulumu mtu leo, mbele huko atakukumbusha. Vijana wachache wa Mwanza ndio wameutengeneza. Maneno yote ya humo, hata ya muuza maji anayepita tu, yaliandikwa na mwanamke mmoja anaitwa Sauda.

"Sasa si wataandika wengine?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa wewe unalia nini?"

Jibu lake siyo la barazani. Nitaliandika hapa.

Doto ana pacha wake, Kulwa. Alikuwa naye. Mwaka juzi duara, shimo la dhahabu walilokuwa wanachimba, lilititia. Doto alikuwa ametoka kunywa maji. Kifusi kilikuwa kikubwa, Kulwa hawakumfikia. Wakasali pale juu, wakaweka msalaba, wakahamia duara lingine. Mama yao kule Songwa hana kaburi la kufagia.

Na kwenye mchezo kuna Luhende. Mchimbaji, mcheshi, mwimbaji mbaya. Mwisho wa sehemu ya pili anashikilia nguzo kwa mabega yake wenzake wapite. Wanapita wote. Mlango wa ardhi unajifunga, yeye kabaki ndani.

Doto aliingia kwenye grupu na swali moja tu: huyu Luhende anarudi? Watu wakamcheka, mgeni huyo. Mimi nikamwandikia pembeni kwamba hata mimi nililia. Ndivyo tulivyoanza. Dada Sauda mwenyewe alimjibu humohumo kwenye grupu, kwa ujumbe wa sauti, mbele ya wote: "Luhende atatoka. Mimi ndiye niliyemwacha mle, mimi nitamtoa." Doto ameitunza sauti ile. Nimewahi kumkuta ameiweka sikioni, amefumba macho.

Sasa aliyemwacha mle ameondoka.

Jumapili, 8 Juni

Nimetoka kanisani nikafungua grupu. Bora nisingefungua.

Kwanza walikuwa wanalia. Binti mmoja wa Kahama hapahapa aliandika barua ndefu kwa Luhende kana kwamba atamjibu. Mwingine akasema afadhali timu yake ingeshuka daraja. Niliwapenda watu wale. Tulikuwa kama matanga.

Leo siyo matanga. Wanasema Dada Sauda amenunuliwa. Wanasema ana kiburi. Wanasema wanawake ndivyo walivyo, wakipata bwana kazi inawashinda. Wengine wanataja kabila lake. Aliyesema "tumwache apumzike" katukanwa mpaka kajitoa.

Nimempigia Doto. Sauti yake ilikuwa inakatikakatika. Nikadhani mtandao. Kumbe analia. Mwanaume wa kupasua mwamba kwa nyundo na moko, analia kama mtoto aliyeachwa sokoni. "Aliniahidi," anasema. "Minza, aliniahidi mimi." Nikalia naye. Nilimpenda leo kuliko siku zote.

Jumanne, 10 Juni

Kuna mtu kaweka namba ya Dada Sauda kwenye grupu. Namba yake ya simu kabisa. Mwalimu Ndaki kaifuta, lakini maji yalishamwagika.

Jioni ikaja sauti. Haina jina, imerushwa kila mahali. Mwanaume anamwambia Dada Sauda kwamba anapajua anapokaa. Kwamba atakuja. Kwamba atamfukia kwa mikono yake, akiwa hai, ajue mtu akiachwa chini anasikiaje. Nyuma yake karasha la machimboni linasaga mawe.

Haina jina. Haihitaji. Hiyo sauti ndiyo inayoniambia lala salama.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia. Nilitaka akane. Angekana ningeamini, najijua.

"Umeisikia?" akauliza. Kwa furaha.

Kule machimboni wanamwita Jemedari. Watu wasiomjua wanamtumia pongezi. Nikamwambia afute, amwombe radhi yule mama. Akasema yeye nani amemwomba radhi? Nikasema unamtisha mtu. Akasema nisimfundishe uchungu.

Amekata yeye.

Mkasi umenichana kidole. Damu kwenye kola nyeupe.

Ijumaa, 13 Juni

Dada Sauda ameandika. Mara ya kwanza tangu aondoke. Hajaeleza kwa nini aliacha. Kaandika hivi tu: watoto wangu nimewapeleka kwa dada yangu, mimi silali nyumbani, simu yangu inaita mchana na usiku. Hadithi niliwapa. Naomba mniache.

Grupu limecheka. Wamemwekea vikatuni. Mmoja kaandika: Jemedari, kazi yako hiyo.

Doto kajibu kwa alama ya ngumi.

Nimejitoa kwenye grupu. Ni jambo dogo, kubonyeza tu.

Jumapili, 15 Juni

Doto kaja Kahama. Kavaa shati nililomshonea. Tumekaa kwa mama lishe nyuma ya stendi. Kaagiza wali na samaki kwa wote wawili, mimi sikugusa. Niandike yote nisije nikayalainisha baadaye.

Nikamwambia nimekuja na ombi moja. Ampigie Dada Sauda, au amwandikie, amwambie hatakuja, arudishe watoto nyumbani.

"Kwani nilikuwa naenda kweli? Minza, unanijua mimi. Ni mchezo tu."

"Kama ni mchezo, ulilia nini?"

Akaweka kijiko chini. Akaniangalia kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Nikaona nimegusa palipo na Kulwa. Sikurudi nyuma.

"Yule mwanamke hajui kwamba huendi," nikasema. "Anajua kuna mwanaume anataka kumfukia."

"Na mimi nani aliniuliza nalalaje?"

"Mimi. Kila siku."

Akavuta sahani yake. Kisha akasema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Akiogopa kidogo si mbaya. Mtu akikuumiza, na yeye aumie kidogo. Mambo yanakaa sawa."

Nikauliza, "Na mimi nikija kukuumiza?"

Akacheka. "Wewe huwezi kuniumiza."

"Doto. Nikikuumiza."

Alikuwa anachambua miba ya samaki, anaipanga pembeni ya sahani. Nilisubiri jibu mpaka chai yangu ikaganda utando. Neno moja tu lingetosha. Hata la uongo.

Nikamwambia sitaolewa naye. Nikasimama. Akasema, "Kaa chini, watu wanatuangalia." Nikatoka.

Nilitembea mpaka Nyahanga kwa miguu. Jua kali. Sikumbuki njia.

Jumatatu, 16 Juni

Sijashona.

Alhamisi, 19 Juni

Samuye, nyumbani kwa wazazi. Nimekuja kusema mwenyewe kabla hawajasikia kwa watu.

Wajomba zake Doto walishakuja, mazungumzo ya ng'ombe yalishaisha, arusi ilikuwa baada ya pamba kuuzwa. Baba alikuwa anafunga magunia ya pamba uani. Nilimwamkia, shikamoo baba. Marahaba. Nikamwambia. Hakuacha kufunga.

"Kakupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana."

"Mlevi?"

"Hapana, baba."

Nikaeleza. Mchezo, mwandishi, sauti. Nilijisikia nikieleza. Kila neno lilitoka jepesi, kama makapi ya mpunga. Baba akasema ana miaka mingi duniani na hajawahi kusikia binti anavunja neno la wazee kwa sababu ya kitu kilichomo ndani ya simu. Akasema Doto ni kijana wa kazi, aliyefiwa, mwenye adabu. Yote kweli. Akasema nimemwaibisha. Kweli pia.

Mama alikuwa jikoni anapepeta. Hakutoka. Ungo ukawa unalia mle ndani, shaa, shaa, mpaka baba alipomaliza kusema.

Nimelala kitanda changu cha zamani. Nimemkumbuka Doto mpaka mbavu zinauma. Sijakosea. Haisaidii.

Jumamosi, 28 Juni

Amepiga. Sikupokea. Amepiga. Sikupokea.

Mama Anitha kaacha kuuliza. Kaninunulia vitumbua.

Jumamosi, 5 Julai

Sehemu ya tatu imetoka. Kuna mwandishi mpya, kijana, jina lake limewekwa mwanzoni kwa herufi ndogo. Nadhani anaogopa.

Niliapa sitafungua. Nimefungua.

Luhende katoka. Mlango wa ardhi unafunguka, anatoka anajikung'uta vumbi, anasema salamu kwa wote, nani ana chakula? Basi. Hakuna mabega yaliyoumia. Hakuna giza alilokaa. Mchezo ukanipa majibu matatu ya kuchagua na hakuna hata moja ambalo mtu angemwambia aliyedhani amekufa. Kijana wa watu kajitahidi. Sina ubaya naye. Maneno yake ni masafi, kama sare ambayo haijavaliwa.

Nilikaa na simu mapajani. Wateja wakaja, wakaondoka.

Alasiri ujumbe ukaingia. Namba ya Doto.

Luhende karudi. Siyo yeye.

Hayo tu. Nimeyasoma mpaka macho yakaona ukungu. Nimeandika: najua. Nimefuta. Nimeandika: pole, mpenzi wangu. Nimefuta. Nimeandika: umempigia Dada Sauda? Nikaituma hiyo.

Kaiona. Alama zimegeuka rangi.

Jumapili, 6 Julai

Hajajibu.

Jumatano, 9 Julai

Hajajibu. Mwalimu Ndaki kanipigia kunisalimu. Anasema grupu limepoa, wengi wamehamia mchezo mwingine, wa mpira. Nikamuuliza habari za Dada Sauda. Anasema kabadilisha namba, kahama mtaa. Anavyojua yeye, haandiki tena chochote.

Nimefuta Milango ya Ardhi kwenye simu. Siyo kwa hasira. Kuna nyumba ukirudi unakuta wamebadilisha kitasa, huna sababu ya kusimama nje.

Jumapili, 13 Julai

Mama kaja. Sikuwa na habari. Kafika na ndoo ya karanga kichwani na kanga yake ya kanisani, kasema baba anajua, kamwambia anakwenda kuangalia mtoto. Mwangaluka, mayu, nikamwamkia mama kwa Kisukuma chetu, nikamtua ndoo.

Tumetandika mkeka mlangoni, tunabangua karanga. Habari za Samuye: ng'ombe mwekundu kazaa, mvua za mwaka huu zilidanganya, jirani kaezeka bati. Doto hakumtaja. Nami sikumtaja. Kivuli cha ukuta kikatusogelea, tukavuta mkeka.

Kisha akauliza, bila kuinua macho:

"Ile sauti. Alikuwa anakutisha wewe?"

"Hapana, mama. Alikuwa anamtisha mtu mwingine."

Akabangua karanga kadhaa. Akapuliza maganda kwenye kiganja.

"Baba yako mdogo," akasema, "alianza kwa kumpiga mbwa."

Baba mdogo nilimkumbuka. Na mke wake nilimkumbuka, mama mdogo aliyekuwa akija kwetu amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi hata wakati wa joto. Nilikuwa mdogo, nilidhani ni urembo.

Nikaegemea bega lake. Alinuka moshi na karanga mbichi. Nilimlilia Doto pale begani, Doto yuleyule, sikumficha, naye akaniacha nilie, mikono yake ikiendelea kubangua.

Jua lilipopungua tukainua ndoo pamoja, tukaingia ndani kupika.