Miguu ya Wilondja na mihogo ya Espérance

Baraka, Alhamisi asubuhi. Mvua imekatika lakini bati bado linadondosha. Ziwa ni la kijivu, rasi ya Ubwari haionekani.

Kosa tunalofanya karibu sote huku Fizi ni hili: tukiona mtu miguu imemkatalia, tunasema ni mihogo. Hatuulizi ilianzaje. Tunauliza nani alipika.

Nalieleza kwa wasio wa huku. Mihogo michungu ina sumu. Ukiiloweka majini mpaka ilainike, kisha ukaianika vizuri, sumu inatoka. Ukiharakisha, inabaki. Mtu akila hiyo kwa muda mrefu, bila samaki wala maharage pembeni, anaweza kuamka asubuhi miguu imekakamaa, isirudi tena. Ugonjwa huo madaktari wanauita konzo. Upo kweli. Niliufundisha darasani miaka yote niliyokuwa mwalimu wa biolojia, na wanafunzi wangu mlioko Uvira na Kigoma mnaoyasoma maandishi haya mtakumbuka. Lowekeni mihogo yenu. Hilo sijalibadilisha.

Ila si kila mguu uliokufa umeuawa na mihogo.

Leo asubuhi mwanangu Wilondja alikuwa amekaa karibu na jiko la makaa, anakunywa chai. Kaa moja lilidondoka likamtua juu ya kidole cha mguu. Aliendelea kunywa. Harufu ndiyo iliyotuambia. Nikainama nikalitoa kwa kijiko. Yeye akakitazama kidole chake kama cha jirani.

"Papa, mi siko nasikia kitu," alisema.

Mimi pia.

Naandika hili kwa sababu jana tulipewa habari ambayo ingepaswa kuniliza au kunichekesha, na sikufanya lolote. Nilishukuru, nikavaa kofia, nikarudi nyumbani. Nilikula. Nililala vizuri. Tangu jana najipapasa ndani kutafuta mahali panapouma, sipaoni.

Habari yenyewe ni hii. Kuna daktari wa ubongo na neva, mama mmoja wa Lubumbashi, aliyekuja hapa kwa utafiti wake. Anawatafuta watu walioandikiwa konzo, awapime upya mmoja mmoja. Anasema upo ugonjwa mwingine, ambamo mwili unashambulia neva zake wenyewe, na vitabu vinasema kwetu Waafrika ni nadra sana. Yeye hana hakika. Huenda ni nadra kwa sababu hatuutafuti, na hatuutafuti kwa sababu tunalo jibu tayari jikoni.

Jana alimkwangua Wilondja nyayo kwa ufunguo. Alimwambia ainamishe kichwa, na Wilondja akaruka, akasema umeme umemshuka mgongoni. Kisha akaanza kuuliza mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Miguu iliwahi kuwa mibaya, ikapona, ikarudi? Ndiyo, mara moja. Joto la mchana linazidisha? Ndiyo. Na macho?

Hapo Wilondja akacheka peke yake.

"Docteur, jicho lilipona. Nikasahau."

Wilondja ni fundi cherehani, sasa cherehani yake imefunikwa kitambaa. Zamani alipewa kazi ya kushona sare nyekundu za kwaya ya bamama, akina mama wa kanisa. Jicho moja lilikuwa linamuuma akiligeuza, na lile jingine lilikuwa halioni vizuri tangu utoto, basi akashona kola zote kwa uzi wa kahawia akiamini ni mwekundu. Baraka nzima ilicheka. Bamama walizivaa hivyo hivyo, nao wakawa wanaitwa kwaya ya kutu. Baada ya muda jicho likarudi, na sisi tukabaki na kichekesho.

Daktari hakucheka. Alisema neva ya jicho ikishambuliwa, rangi ya kwanza kupauka ni nyekundu. Konzo hupiga mara moja na kubaki hapo. Huu mwingine unakuja, unaondoka, unarudi mahali pengine. Alisema bila picha ya ubongo, na mashine yake haiko karibu, hawezi kuweka saini kwamba ni wenyewe. Ila neno konzo amelifuta.

Wengi wameniuliza tangu jana, mwili unajishambulia vipi? Neva ni kama nyaya, na kila waya umevikwa ala ya mafuta ili habari zisivuje njiani. Mwilini kuna walinzi wanaowinda vijidudu. Mnakumbuka wakati ule wa hofu, vijana wetu walipokuwa wanalinda ufuko? Mtu alishuka kwenye mtumbwi, ametoka Ubwari kumzika mama yake, wakampiga mpaka akavunjika mkono. Alikuwa jirani yao. Alikuwa amewafundisha wawili kati yao kuogelea. Hawakuwa vijana wabaya. Walikuwa wanalinda. Ndivyo walinzi wa Wilondja wanavyozipiga ala za neva zake: wamemsahau mwenyeji.

Nimeandika aya hiyo vizuri sana, na sikusikia kitu. Ndiyo shida yangu.

Sasa niseme kuhusu Espérance.

Espérance ni mke wa Wilondja. Wazazi wake ni wakimbizi kutoka Burundi, wakulima, watu wa sala, wanaishi Lweba. Msimu mmoja njia ya Lubondja ilifungwa kwa milio ya risasi, mihogo mizuri haikufika sokoni, tukang'oa michungu ya nyuma ya nyumba. Kila jiko la mtaa huu liliharakisha kuloweka. La Espérance pia. Kisha miguu ya Wilondja ikafa, na dada yangu Apendeki akasema mbele ya watu: mwanamke wa kuja hajui mihogo yetu, amemlemaza mtoto wetu. Espérance alimbeba mtoto mgongoni akaenda kwa mama yake. Jumamosi hii ukoo unakaa ili kuivunja ndoa yake rasmi. Wilondja ameulizwa anasemaje, na amesema fanyeni mnavyotaka.

Na jicho lilitangulia ndoa. Wilondja alishona sare zile kabla hajamjua Espérance, kabla hajala hata tonge moja la mkono wake.

Jana, alipomaliza kupima, daktari alitazama chumba chote akauliza, "Muke yake iko wapi?"

Apendeki akasema yupo yeye, shangazi.

"Sitaki bashangazi, mama. Nataka ule mwenye analalaka naye nyumba moja. Njo ataona ugonjwa ukianza kurudi, mbele ya yeye mwenyewe kuuona. Akiniita mapema kuna dawa ya kutia kwenye damu, inapunguza. Akichelewa, kile chenye kimepotea kinaweza kupotea kabisa."

Kwa hiyo si suala la heshima tu. Wilondja anamhitaji mkewe ili abaki na kile alichobakiwa nacho.

Kwetu baba mkwe hamwendei mke wa mwanawe kumrudisha. Ni aibu kwa wote wawili. Hata chakula hatuli tukitazamana. Anayetumwa ni dada wa baba. Yaani Apendeki. Basi jana jioni nilimfuata uani kwake, alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Huniita Yaya, yaani kaka mkubwa.

"Miye?" alisema. "Miye nimupigie magoti ule? Yaya, akili yako ingali nzima?"

"Docteur amesema si mihogo."

"Docteur wa Lubumbashi! Kule banakula bukari ya mahindi. Mihogo ataijulia wapi?"

"Sote tulikula chungu kimoja, Apendeki. Mbona miguu yako inacheza kanisani kila Siku ya Mungu?"

"Miye niko na damu ya nguvu. Na usihesabu miguu yangu."

Nikamuuliza, ile sare yako nyekundu yenye kola ya kahawia, Wilondja aliishona lini?

Aliendelea kuchambua. Majani mazuri akayatupa na vijiti, vijiti akavitia sufuriani. Baadaye akasema, bila kuniangalia:

"Mbele ya ndoa."

"Kabla ya ndoa. Basi."

"Siendi, Yaya. Uso wangu niuweke wapi? Lakini Jumamosi musiningoje. Niko na kazi."

Kwa Apendeki hilo ni jambo kubwa. Bila yeye kikao hakina mshitaki. Ila ukoo hauhitaji mshitaki ili kuketi. Unahitaji tu Espérance asiwepo.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi nyumbani na moyo mwepesi. Nilirudi tu. Nimekuwa nikingoja nisikie kitu kwanza, uchungu, huruma, hata hasira, ili kinisukume kuivunja desturi. Nilidhani mtu hufanya jambo kubwa kwa sababu limewaka ndani yake. Kwangu hakuna kilichowaka. Labda ni miaka mingi ya kukimbia na kurudi, kukimbia na kurudi. Labda ndani pia kuna ala inayoliwa. Sijui. Hilo daktari hakulipima.

Lakini kuna kitu daktari alimfundisha Wilondja pale mlangoni, kabla hatujaondoka. Alimwambia mguu wenye ganzi bado unaweza kutembea, mradi uutazame. Usiusubiri ukwambie uko wapi, hautasema. Angalia chini, uweke hapa, kisha hapa. Wilondja akafanya hivyo, mkono begani kwangu, macho kwenye vidole vyake, mpaka barabarani. Alitembea. Hakusikia hata hatua moja, na alitembea.

Sasa hivi amekaa mlangoni, kidole kimefungwa kitambaa. Nimemuuliza kama anataka nimwambie Espérance jambo lolote.

"Mwambie lile kaa," amesema. "Angekuwa hapa, angeliona mbele lianguke."

Basi najiambia mwenyewe: hujambo, mzee. Mvua imekatika na pikipiki zimeanza kupita. Vaa viatu, nenda Lweba leo, ukamwambie Espérance kwamba si yeye.