Kwa Mwikwabe Wetu, Mtabiri wa Milipuko ya Jua

Mwaka umezunguka, Mwikwabe, tangu tukulaze kando ya baba yako hapa Nyanungu. Watu walisema tutazoea. Hatujazoea.

Kazi yako huko ughaibuni ilitupiga chenga mwanzoni. Mtu analipwa kwa kulichunguza jua? Mama yako, Boke, alidhani unatabiri ukame. Ukamweleza kwenye simu, taratibu, kwamba jua hulipuka na kurusha chembe zenye nguvu kali, nyingine zikifika duniani kabla chai haijapoa, na kwamba ninyi huwaonya mapema wanaanga na marubani wanaopita karibu na ncha za dunia.

Siku redio ilipotangaza mlipuko, nusu ya kijiji tuliwafungia ng'ombe zizini. Ulicheka hadi ukakohoa. Ukasema sisi wa huku chini tunakingwa na hewa, tuwafungulie, wanateseka bure. Ulipokuja likizo, wazee wa jirani zetu Nyarero walikutania kwamba jua lako lilitufungisha ng'ombe, nawe ukawaamkia shikamoo mmoja mmoja.

Ulituambia kutangaza hatari si kazi ngumu sana. Kazi ngumu ni kusema leo ni salama, kwa sababu kuna mtu atakuamini na kutoka nje. Ndiyo maana neno hilo hukulitoa ovyo.

Kwa mama ulilitoa. Ulikuwa umelazwa hospitali, hali yako mbaya, ukampigia simu.

"Ni homa ndogo tu, mama. Niko salama."

Akakuamini, akaenda zake shamba kupalilia. Simu iliyofuata ilikuwa ya msiba.

Tangu mazishi hakulitaja jina lako. Mdogo wako Godwin alipopata mtoto wa kiume, tulitaka arithi jina lako, kama ilivyo desturi yetu. Mama akakataa hata kumpakata. Alisema ulimficha yeye aliyekuzaa, hana jina la kumpa mtu. Ikabidi tumwite "mtoto" tu, na tuliumia sana.

Jumapili, baada ya sala ya kukuombea, alimwomba Veronika, mke wa Godwin, ampe huyo mtoto. Akampakata, akalia sana, kisha akamwita Mwikwabe.

"Wewe ukiumwa, useme," akamwambia.

Unakumbukwa na mama yako Boke, mdogo wako Godwin, shemeji yako Veronika, dada yako Agustina wa Issenye, wafanyakazi wenzako, na Mwikwabe mdogo ambaye hukumwona.

Hatutaacha kukutaja.