Shangazi, Ni Mimi Niliyesema

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike kule Tingi, lakini siwezi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Nimekuwa nikiukumbuka ule ungo. Katika nyumba zetu za nyuma ya soko la Kivinje, za wapagazi na wapiga makumbi ya nazi, hapakuwa na kibao wala daftari. Wewe ulitandaza unga wa muhogo kwenye ungo, ukanishika kidole, tukaandika. Nikikosea, unatikisa, unga unalala upya. Jioni mama anausongea ugali, na hakuna kilichopotea.

Nilikuwa mwali, nimewekwa ndani nangoja kuolewa, kazi yangu kusuka ukili wa mikeka kutwa nzima. Mtaani tulikuwa wasichana saba wa namna hiyo. Hakuna aliyekutuma kwetu. Ukimaliza kupiga makumbi yako pwani, mikono bado inanuka tope, unaanza kupita nyumba hadi nyumba. Wazazi walikubali kwa sharti moja tu, tusome lakini tusiandike. Msichana akijua kuandika, walisema, kazi yake itakuwa kuwaandikia wanaume barua. Uliwaitikia vizuri, kisha ukatufundisha vyote viwili. Nilipokuuliza kama si dhambi, ulicheka ukasema kusoma bila kuandika ni kutafuna bila kumeza.

Halafu nikaharibu. Siku nilipoweza kuandika jina langu sikuweza kutulia nalo. Nilichukua mkaa nikaliandika kwenye mlango wa uani, kwa herufi kubwa kabisa. Bibi mzaa mama hakujua kusoma, ila maandishi aliyajua akiyaona. Alinikalisha chini akataka kujua namwandikia nani. Niliogopa fimbo, na zaidi ya fimbo niliogopa posa yangu isije ikavunjika. Nikamwambia, "Shangazi ndiye anayetuandikisha barua za wanaume."

Hapakuwa na barua wala mwanaume. Nilijua hivyo wakati maneno yananitoka.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, nyumba zote saba zilikuwa zimekufungia milango. Ulikuja kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, hatua tatu tu kutoka uliposimama. Ulimuuliza Bibi taratibu, "Mtoto mwenyewe kasema?"

"Kasema."

Nilingoja uniite. Ungeniita, nisingeweza kuyarudia mbele ya macho yako, na naamini ulilijua hilo. Hukuniita. Ulisema, "Basi kama kasema, msimpige." Ukaenda zako.

Ulihamia Tingi kwa ndugu za marehemu mumeo, ukalima muhogo mpaka mwisho wako. Nilikuja kukutazama mara mbili. Mara zote mbili ulinipikia, ukaniulizia watoto, na mimi nikarudi Kivinje na maneno yangu yaleyale kifuani. Nilikuwa mwoga, Shangazi. Sina jina jingine la kujipa.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mimi nilikuwa nimeshajua. Wenzangu sita ndio walioachwa njiani. Unamkumbuka Somoe, binti wa yule mpagazi jirani yetu? Alikuwa amebakiza kidogo sana aanze kusoma mwenyewe. Ulikuwa ukimsifu mpaka nikawa namwonea wivu.

Tangu mwaka jana nawafundisha watoto wa mtaa uleule, barazani kwangu, bure kama ulivyofanya wewe. Najiambia ni sadaka yako, ingawa najua ni deni la roho. Mwezi uliopita Somoe aliniletea binti yake. Nikaona siwezi kumpokea mtoto yule huku nimemficha mama yake ukweli. Nikamweleza yote, tangu mkaa hadi pazia. Alinisikiliza akiwa amesimama, kamshika mtoto mkono. Nilipomaliza alisema, "Miaka yote hii, kila nikiletewa karatasi ya bomani nikashindwa kuisoma, nilikuwa namlaani shangazi yako."

Nilimwomba radhi. Hakunipa, wala sikuona haki ya kumwomba mara ya pili. Alimsogeza mtoto mbele yangu.

"Mfundishe huyu," alisema. "Anza na kuandika."

Ulivunjiwa heshima mbele ya mtaa mzima, kwa hiyo nami sikuona vyema nikuandikie kwa siri. Ijumaa, baada ya sala, nitaisoma barua hii barazani mbele ya wazazi wote. Bibi hayupo tena kuisikia, na wewe hupo. Nimemuuliza Somoe kama atakuja. Amesema atakuja, na atakaa mbele, anitazame usoni wakati nasoma.

Mungu akulaze pema, Shangazi yangu. Ukinisamehe huko uliko, ni kwa huruma yako tu.

Mimi,
mtoto wa kaka yako